Sauti Nne katika Mfereji Mmoja

Waswahili husema akiba haiozi. Methali hii ni ya kweli kwa mahindi yaliyofunikwa vizuri ghalani, lakini kwa sauti nina wasiwasi nayo. Sauti iliyowekwa akiba huoza. Mkanda wa kaseti hupukutika unga wake, sahani ya santuri hulika kidogo kila sindano inapopita, na mara nyingi mashine ya kuichezea hufa kabla ya sahani yenyewe. Kwa hiyo anayetaka kurithisha sauti hana budi kuihamisha kutoka chombo kimoja hadi kingine, kama vile mama anavyohamisha mbegu kutoka chungu chenye ufa. Lakini katika kuhamisha kuna swali ambalo si jepesi: je, tuhamishe kile tunachokisikia, au tuhamishe kile kilichomo?

Swali hili nililipata Tunduma, ndani ya sanduku la mbao la mjomba wangu. Katika ujana wake mjomba alikuwa mfanyabiashara wa mchele. Alipanda treni ya TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, akauza mchele Zambia na kurudi na vitenge, sabuni, na kila mara sahani moja au mbili za santuri. Hivyo sanduku lake limekuwa kama mji wetu wenyewe, mguu mmoja huku na mguu mwingine kule. Kuna sahani ndogo za Mbaraka Mwinshehe, zilizotengenezwa Nairobi kama zilivyokuwa sahani nyingi za bendi zetu wakati ule. Kuna WITCH, bendi ya Kitwe, na Paul Ngozi, miongoni mwa wapigaji wa yale magitaa makali ambayo siku hizi huitwa Zamrock. Na kuna sahani moja kubwa ya Santana, Abraxas, ambayo mjomba aliinunua Kitwe kwa Mzungu wa migodini aliyekuwa akifungasha kurudi kwao.

Sahani hiyo ya Santana ina alama kwenye jalada: herufi SQ. Mjomba hakuijali, wala hakuwa na sababu ya kuijali. Aliicheza kwenye gramafoni yake yenye spika mbili, nasi watoto tuliokaa mkekani tulizisikia ngoma zile na kuridhika. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kuhamisha sanduku lote kwenye kompyuta, ndipo nilipotambua maana ya zile herufi. Sahani ile ilitengenezwa ili isikilizwe kwa spika nne, mbili mbele na mbili nyuma, msikilizaji akiwa katikati.

Mambo hayo yalikuwa na kishindo chake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kampuni ya CBS ya Marekani ilikuja na mfumo wake wa SQ mwaka 1971. Sansui ya Japani ilikuwa na wake, QS. Na JVC, pia ya Japani, ilikuwa na wa tatu, CD-4. Mifumo hiyo haikuelewana. Mnunuzi alitakiwa kuchagua upande, kununua spika nne badala ya mbili, na kutafuta mashine inayolingana na sahani zake. Watu walichoka, na kabla miaka ya 1970 haijaisha biashara hiyo ilikuwa imekufa. Sahani zilibaki, zikatawanyika duniani hadi kwenye masanduku kama la mjomba.

Msomaji atajiuliza, sauti nne zinakaaje ndani ya mfereji mmoja wenye kuta mbili tu? Kwa SQ, sauti mbili za mbele huachwa kama zilivyo, kushoto na kulia. Zile za nyuma humwagwa ndani ya hizo hizo mbili, lakini baada ya mawimbi yake kusogezwa robo ya mzunguko. Sikio halioni tofauti kubwa, kwa hiyo mwenye spika mbili hustarehe bila kujua. Mashine inayojua siri hiyo hulirudisha wimbi nyuma na kuzitenga tena sauti nne, ingawa si kwa ukamilifu, maana nyingine huvuja kutoka mbele kwenda nyuma. CD-4 ilikwenda mbali zaidi. Tofauti ya mbele na nyuma ilipandishwa juu ya wimbi la mitetemo 30,000 kwa sekunde, wakati sikio la binadamu huishia karibu 20,000. Yaani sehemu ya muziki ilichongwa mahali ambapo hakuna mtu wala mtoto mchanga awezaye kusikia.

Hapo ndipo penye mtego. Anayehamisha sahani ya CD-4 kwa kipimo cha CD ya kawaida, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, hawezi kushika mitetemo inayozidi 22,050. Atasikiliza nakala yake, ataiona nzuri, na kumbe amekwisha kutupa nusu ya kilichokuwamo. Atatupa bila kusikia chochote kikianguka. Anayetaka kuwa salama atumie sampuli 96,000. Kwa SQ hatari ni nyingine. Ukiibana faili iwe ndogo kwa njia ya MP3, au ukasafisha upande wa kushoto tofauti na wa kulia, unaweza kuvuruga uhusiano wa yale mawimbi, na sauti za nyuma zisirudi tena mahali pake.

Kazi yenyewe niliifanya chumbani, na Tunduma si mahali rahisi pa kazi hiyo. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde hunguruma, na tetemeko la injini hupita ardhini, hupanda mezani, huingia kwenye sindano. Nililaza gramafoni juu ya bamba la zege lililokaa juu ya vipande vya tairi. Vumbi letu jekundu nililitoa kwa kitambaa laini na maji ya betri, yale maji matupu na si asidi. Mwezi Juni, baridi yetu kavu huzifanya sahani zivute vumbi kama sumaku, kwa hiyo nililoanisha hewa kwa sufuria ya maji ya moto. Mlio wa umeme uliokuwa ukivuma chini ya kila wimbo ulinyamaza nilipounga waya wa gramafoni kwenye amplifaya na kuifikisha ardhini. Kila sahani kubwa, dakika arobaini hivi, ilikula karibu gigabaiti moja na nusu.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, hakupendezwa na ulaji huo. Yeye ana duka la kuuza simu na flashi za nyimbo, na wateja wake wengi ni madereva. Aliniambia, "Ndugu yangu, nani Tunduma hii atakaa katikati ya spika nne? Watu wanataka nyimbo za zamani, zisiwe na mikwaruzo, zitoshe kwenye flashi moja. Safisha, bana, maliza. Sahani zenyewe tuziuze, kuna wazungu wanazitafuta."

Sikumdharau, wala sasa simdharau. Muziki usiosikilizwa na mtu ni mzoga, na dereva anayekesha barabarani kati ya Vwawa na Mbeya ana haki yake ya kumsikia Mbaraka bila mikwaruzo. Kwa hiyo nilimtengenezea nakala zake, safi na ndogo. Lakini nilimwambia kwamba nakala hizo ni matunda, nasi lazima tuwe na mti. Mti ni ile nakala ya kwanza, iliyochukuliwa kama ilivyotoka kwenye sindano, pamoja na vumbi lake, mikwaruzo yake, na yote yaliyomo ambayo mimi na yeye hatuyasikii. Hiyo haiguswi. Kama nimekosea kutenga sauti nne, mwingine mwenye ujuzi mkubwa zaidi ataanza upya kutoka hapo. Tukiisafisha nakala ya kwanza, yule wa kesho tutakuwa tumemwachia usafi wetu tu.

Baada ya kuonja utamu wa sauti inayozunguka, binamu alirudi na ombi la pili. Kompyuta inaweza kuigawa sauti yoyote. Basi nyimbo za Mbaraka nazo tuzipe spika nne. Hapo nilikataa. Sahani ile ndogo ilirekodiwa kwa njia moja ya sauti. Mbaraka, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, hakutuachia sauti za nyuma, na kumtungia leo ni kumvisha marehemu koti ambalo hakulivaa. Anayetaka kucheza na sauti hiyo kwa starehe yake na acheze, lakini aandike wazi kwamba hilo ni koti lake. Kutoa kilichomo na kuongeza kisichokuwamo ni kosa moja lenye sura mbili. Kwa Santana nilipinga kupunguza, kwa Mbaraka nilipinga kuzidisha.

Siku niliyomaliza kuitenga ile Abraxas, nilizipanga njia zake nne katika faili ya njia sita, kama zile za sabufa za siku hizi. Ile ya katikati na ile ya besi niliziacha tupu, kwa kuwa sahani haikuwa nazo. Niliazima spika hadi zikatimia nne zinazofanana, nikamwita mjomba akae katikati. Mjomba sasa ni mzee, na umri umelizima kabisa sikio lake la kulia. Nilijua kwamba mtu wa sikio moja hapati mbele na nyuma kama sisi wengine. Hata hivyo sahani ni yake, na ilikuwa haki yake kuwa wa kwanza.

Alisikiliza kimya. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: alianza kukizungusha kiti chake polepole, akilielekeza lile sikio zima kwa spika moja baada ya nyingine, kama mtu anayezunguka nyumba kutazama kila dirisha. Wimbo ulipokwisha akaniuliza, "Mpwa wangu, hivi vyote vilikuwamo siku zote?"

"Vilikuwamo, mjomba."

"Basi nimevitunza bila kuvijua."

Hakusema kwa masikitiko. Alisema kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni aliyemkaribisha zamani alikuwa mtu mkubwa. Nami neno lake nimelibeba tangu siku hiyo. Sisi tunaosifia ujuzi tunadhani kwamba mtunzaji bora ni yule anayekifahamu anachokitunza. Mjomba hakujua SQ wala robo ya mzunguko. Alichokijua ni kwamba sahani hailazwi juani, haishikwi kwa vidole katikati, na hairudishwi sandukuni bila mfuko wake. Adabu hiyo ndogo ndiyo iliyozifikisha sauti nne kwangu. Mimi mwenye kompyuta nilikuta kazi imekwisha kufanywa.

Nchi yetu ina maktaba kubwa ya mikanda ya iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo sasa iko chini ya TBC, na ina masanduku yasiyohesabika chini ya vitanda, kuanzia Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hadi visiwani. Ndani yake kuna hotuba, taarabu, mahubiri, nyimbo za ngoma, na sauti za babu zetu zilizorekodiwa harusini. Watakaozihamisha wataona mara nyingi kitu wanachokidhania kuwa uchafu: mlio, mnong'ono, mtu akikohoa, jogoo akiwika. Ningewaomba jambo moja tu, waupokee mzigo mzima kwanza, ndipo wachague. Huenda jogoo yule akamwambia mtu fulani saa ya kurekodiwa, au mnong'ono ule ukawa ndiyo sauti pekee iliyobaki ya bibi ya mtu. Hatujui. Kutokujua kwetu si ruhusa ya kutupa, bali ni sababu ya kutunza kama mjomba alivyotunza, kwa mikono safi, hadi afike mwenye masikio ya kusikia.