Hodi Kisiwani Cebu

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika kisiwa cha Cebu, katikati ya nchi ya Ufilipino, usigonge mlango wa mtu kwa ngumi. Simama nje, paza sauti: "Ayo!" Hiyo ndiyo hodi yao. Na jirani akikukuta njiani akakuuliza "Asa ka?", yaani waenda wapi, usidhani anakupeleleza, ni salamu tu. Ukitaka kushukuru, sema "salamat", neno lenye asili ya Kiarabu kama "salama" yetu.

Lugha hiyo ni Kisebuano, ambayo wenyewe aghalabu huiita Bisaya. Huzungumzwa na watu wapatao milioni 20, kuanzia Cebu na Bohol hadi sehemu kubwa ya Mindanao.

Ili kuisikia vizuri, panda jeepney, gari la abiria lililotokana na majipu yaliyoachwa na jeshi la Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Aliyeketi nyuma hunyoosha nauli na kusema "palihog", tafadhali, nayo hupita mkono kwa mkono hadi kwa dereva. Chenji hurudi kwa njia ile ile. Teremka kwenye Soko la Carbon: vitu huhesabiwa usa, duha, tulo, lakini saa hutajwa kwa namba za Kihispania. Mkoloni huyo alikaa zaidi ya miaka mia tatu!

Hata hivyo, lugha hii yenye nguvu sokoni hupungukiwa na sauti mlangoni mwa darasa. Mwaka 1937 Rais Manuel Quezon alitangaza Kitagalogi, lugha ya Manila, kuwa msingi wa lugha ya taifa. Sasa fikiria mtoto wa Cebu: kwao "langgam" ni ndege arukaye angani, katika Kitagalogi neno lilo hilo ni sisimizi. Tangu mwaka 2012 madarasa ya chini yalianza kufundishwa kwa lugha ya mama, lakini Oktoba 2024 sheria mpya iliondoa ulazima huo, ikarudisha Kifilipino na Kiingereza. Wapo wazazi waliofurahi, kwani Kiingereza ndicho kitafutiacho kazi ng'ambo. Siwalaumu, ila namhurumia mtoto wa miaka sita.

Jambo moja la kuchekesha. Katika intaneti, kamusi elezo ya Wikipedia ina makala zaidi ya milioni 6 za Kisebuano, nyingi kuliko za Kifaransa. Usihadaike na wingi huo. Karibu zote ziliandikwa na programu ya kompyuta iliyotungwa na Msweden mmoja, Sverker Johansson, ambaye mkewe ni Mfilipino. Wasebuano wenyewe huandikiana ujumbe wa simu, wakichanganya Kiingereza wapendavyo.

Jioni wanafunzi hujazana tena garini na madaftari yao. Wakikaribia kwao, hugonga chuma kwa sarafu na kuita, "Lugar lang!" Nishushe hapa. Naye dereva husimama.