Kati ya "Hakurudi" na "Hajarudi"

Aliyelelewa kwa Luganda hapati shida kubwa na ngeli za Kiswahili. Mtu na watu ni ndugu wa omuntu na abantu, na ukishaona hivyo mengine hufuata. Shida huanza anapotaka kusimulia jambo lililopita. Nimezaliwa na kukulia Kampala, nasoma Kiswahili mwaka wa pili chuo kikuu, na katika sarufi yote hakuna kilichonifikirisha kama nyakati zilizopita.

Luganda hupima umbali. Nikisema "ndidde", nimekula sasa hivi. Nikisema "nnalidde", nilikula jana au mapema leo. Nikisema "nnalya", jambo lenyewe ni la juzi au zaidi, pengine la miaka mingi. Kitenzi chenyewe humlazimisha Mganda aseme kama tendo lake liko karibu au mbali. Kiswahili hakina sharti hilo. "Nilikula" yaweza kuwa ya saa moja iliyopita au ya mwaka 1990. Umbali tunauonyesha kwa maneno mengine kama jana, juzi, mwaka juzi na zamani. Miezi ya mwanzo nilihisi kama nimenyang'anywa kitu.

Baadaye niliona kuwa Kiswahili nacho kina kipimo chake. Kiambishi -li- hueleza kwamba tendo lilitokea. Kiambishi -me- hueleza kwamba tendo limetimia na matokeo yake yapo. "Alilala" ni habari ya usiku uliopita. "Amelala" ni mtu aliye kitandani, usimwamshe. Rafiki yangu anayejifunza Kiitaliano ameniambia kuwa nao wana "passato prossimo" na "passato remoto". Huko Sisilia watu hutumia "remoto" hata kwa jambo la asubuhi ile ile, ilhali kaskazini ni nadra kuisikia katika mazungumzo ya kila siku. Kumbe kila lugha, na hata kila mkoa, huchora mpaka wake kati ya kilichokwisha na kisichokwisha.

Mpaka huo niliukuta pia nyumbani kwetu. Muhula uliopita mwalimu alituagiza tuchukue kisa cha mzee kwa lugha yake, kisha tukisimulie kwa Kiswahili. Nilikwenda Nateete kwa jjajja wangu mzaa mama. Alinisimulia habari za kaka yake, fundi seremala wa Ndeeba, aliyechukuliwa mwaka 1983. Ilikuwa enzi ya utawala wa pili wa Obote, wakati wa misako ambayo watu wa Kampala bado wanaiita "panda gari": askari walizingira mtaa, wakawatoa watu nje, wakawapakia kwenye malori.

Jjajja hajui Kiswahili isipokuwa kile alichokisikia kwa askari. Alinitajia maneno yake: simama, kaa chini, leta, panda gari. Nilipoyaandika niliona kwamba yote ni amri. Kiswahili kilichomfikia hakikuwa na jana wala juzi. Ndiyo maana siku aliposikia nimechagua somo hili aliniuliza, "Mjukuu wangu, lugha hiyo utamsemesha nani?"

Sehemu kubwa ya kisa haikunisumbua. Luganda ikishataja wakati mara moja, huendelea kwa "ne": ne bajja, ne bakonkona, ne bamutwala. Kiswahili kina -ka-, nacho kiliingia pale pale: wakaja, wakagonga, wakamchukua. Kazi ilikuwa kwenye neno la mwisho. Jjajja alimaliza kwa kusema, "Tannakomawo."

Mtu asiporudi na habari ikawa imekwisha, Waganda husema "teyakomawo", yaani hakurudi. "Tannakomawo" ni hajarudi: bado anangojewa. Niliandika "hajarudi". Niliposoma darasani, mwenzangu mmoja alipinga. "Miaka arobaini imepita. Hajarudi ni ya mtu aliyekwenda sokoni. Hapo ni hakurudi." Hoja yake ilikuwa na nguvu, na darasa likagawanyika. Mwalimu aliuliza swali moja tu: "Bibi mwenyewe anamaanisha nini?"

Nikarudi Nateete kumuuliza. Jjajja akajibu, "Nani kanionyesha kaburi lake?"

Ndipo nilipoelewa kwa nini ukoo wetu haujafanya "okwabya olumbe", sherehe ya kumaliza msiba ambamo mrithi wa marehemu husimikwa. Wajomba zangu wanataka ifanyike, kwa kuwa watoto wa marehemu wamezeeka bila mrithi kutambuliwa na kibanja chao kinagombaniwa. Wao husema "teyakomawo". Jjajja husema "tannakomawo", na maadamu yu hai hakuna anayethubutu kupanga siku. Mabishano yote ya ukoo yamo ndani ya kiambishi kimoja, na sioni upande usio na sababu. Hata mimi hapa juu nimeandika "marehemu", neno ambalo mbele yake nisingelitamka.

Katika kazi yangu "hajarudi" ilibaki. Kisa kilikuwa cha jjajja, na Kiswahili kina -ja- ya kubeba alichokisema. Nilimsomea toleo la mwisho. Hakuelewa mengi, lakini aliniomba nirudie neno la mwisho, kisha akalisema mwenyewe polepole, mara mbili. Sijawahi kumsikia akisema neno jingine la Kiswahili lisilo amri.

Kwa wenzangu mnaotoka katika Luganda au lugha jirani: jedwali la viambishi mtalikariri kwa wiki moja, na mtihani mtaufaulu. Lakini mnaposimulia habari za mtu mwingine, msitosheke kuuliza jambo lilitokea lini. Muulizeni pia kama kwake limekwisha.