Rangi Hukolea, Rangi Hupauka

Kiswahili kina neno moja, rangi, kwa vitu viwili: ile tunayoiona kwa macho na ile iliyomo ndani ya kopo. Tunasema rangi ya bahari, na tunasema pia kununua rangi dukani. Katika miaka yangu yote ya kufundisha lugha jambo hili halikunishughulisha. Limeanza kunishughulisha tangu nilipojiunga na kikundi cha wachoraji wa ridhaa hapa Tanga, kwa sababu kwenye meza ya mchoraji vitu hivyo viwili huachana kila mara. Rangi iliyo kwenye kisahani sasa hivi si rangi itakayobaki kwenye karatasi baada ya nusu saa.

Tuko kumi na mmoja. Hukutana kila Jumamosi asubuhi barazani kwa mwenzetu mmoja, na ada yetu ni chai na chochote cha kutafuna. Wengi ni wastaafu: yumo muuguzi, yumo karani wa zamani wa bandarini, yumo fundi cherehani ambaye bado anashona. Anayetuongoza ni binti aliyesomea sanaa. Sote tunamwita Mwalimu, naye hutuamkia shikamoo mmoja mmoja kabla ya kuanza kutukosoa. Hakuna anayeuza picha, wala anayeshindana na mwenziwe.

Tulianza kwa rangi ya maji ya kawaida, kisha tukaingia katika gwashi, ambayo ndiyo iliyoniteka. Neno hilo limetoka katika Kifaransa, nacho Kifaransa kililichukua katika Kiitaliano, guazzo, neno lenye asili ya maji. Kwa utengenezaji wake, gwashi na rangi ya maji ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Zote mbili ni unga wa rangi ulioshikamanishwa kwa gundi ya mgunga, ile inayotoka kwa wingi kuliko kwingineko nchini Sudani. Tofauti ni kwamba gwashi ina unga mwingi zaidi, na baadhi ya watengenezaji huiongezea chaki ili iwe nzito. Niliposikia habari ya chaki nilicheka peke yangu. Nilidhani chaki na mimi tuliagana siku niliyokabidhi funguo za ofisi.

Wengi wetu tunapofikiria uchoraji wa nchi hii humkumbuka Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972. Yeye alitumia rangi za mafuta za kupaka baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Rangi ile ikikauka imekauka, na hung'aa kama kigae. Akriliki nayo huchanganywa kwa maji, lakini ikikauka hugeuka kama plastiki na maji hayaiwezi tena. Gwashi haina ukaidi huo. Hata baada ya mwezi mzima, ukiigusa kwa brashi yenye maji hulegea, na ya chini huchanganyika na ya juu. Anayeitumia hulazimika kupitisha brashi mara moja na kuondoka.

Siku ya kwanza Mwalimu alitutaka tupake mstari mweusi, kisha juu yake tupitishe manjano mara mbili: upande mmoja kwa rangi ya maji, upande wa pili kwa gwashi. Upande wa kwanza mstari uliendelea kuonekana. Upande wa pili ulitoweka. Mwalimu alikuwa ameanza kutufafanulia kwa istilahi za Kiingereza alizosomeshwa chuoni, fundi cherehani akamkatiza kwa upole: "Mwanangu, hii inaonyesha. Ile inasitiri."

Palikuwa na kimya kidogo, kisha sote tukakubali kwamba hakuna la kuongeza. Ndivyo wanawake wanavyosema juu ya kitambaa wanapokinyoosha mbele ya mwanga wa dirisha: hiki kinaonyesha, tia bitana, hiki kinasitiri, kishone hivyo hivyo. Tangu siku hiyo sisi tunazo rangi za kuonyesha na rangi za kusitiri. Maneno hayo yamebeba mbinu nzima ya kazi. Katika rangi ya kuonyesha, mwanga hutoka kwenye karatasi yenyewe, kwa hiyo weupe huachwa tangu mwanzo na mchoraji huanza na rangi nyepesi akielekea kwenye nzito. Katika rangi ya kusitiri, weupe unaweza kuja mwishoni, ukawekwa juu ya giza kama nyota.

Kwa sisi tulioishi na lugha, somo lililofuata lilikuwa gumu zaidi: majina ya rangi. Nilifundisha kwa miaka mingi kwamba Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyokubali upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema kitambaa chekundu, ukuta mwekundu, ua jekundu. Lakini ni kitambaa cha kijani, ukuta wa kijani, ua la kijani. Hao watatu ndio pia wenye tanakali zao: nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu ndu. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walichapisha utafiti wao juu ya majina ya msingi ya rangi katika lugha za dunia, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha walizozichunguza. Walisema kwamba lugha yenye majina matatu tu huwa na haya haya matatu. Wapo wanaolisoma jambo hilo kama hati ya umaskini wetu.

Sisi rangi nyingine tumezipata kwa kuviangalia vitu. Kijani ni jani, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, manjano ni kiungo cha jikoni, zambarau ni tunda linalotia ulimi doa, samawati ni mbingu zenyewe kwa Kiarabu. Nyekundu iliyoelekea weusi tumeiita damu ya mzee. Majina haya ni mazuri mpaka unapoketi kuyachora. Jumamosi moja tuliwekewa mezani machungwa ya Muheza, matamu, yaliyoiva kabisa, na ganda lake lilikuwa kijani lenye manjano kwa mbali. Katika nchi za joto kama yetu, chungwa huiva bila kuacha ukijani wake, maana usiku wetu hauna baridi ya kuuondoa. Tukawa watu kumi na mmoja tunaochora machungwa bila hata tone la rangi ya machungwa.

Jambo hilo lilinifanya nirudi nyumbani na kuchemsha kunde. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuchora uso, na mwenye uso huo sisi sote tungemwita maji ya kunde. Nilitaka kuyaona maji yenyewe. Nilimimina katika bakuli jeupe mchuzi wa dakika kumi, kisha wa dakika ishirini, kisha wa saa nzima. Bakuli la kwanza lilikuwa na wekundu hafifu wa kutu. La pili lilikuwa kama chai. La tatu lilikuwa zito, karibu na hudhurungi. Yote matatu ni maji ya kunde, na yote matatu nimewahi kuyaona katika nyuso za ukoo mmoja. Jina lilikuwa moja. Kilichotofautisha mabakuli ni muda wa kuiva.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kuwaeleza washairi wenzangu. Utajiri wa Kiswahili katika rangi haumo sana katika majina. Umo katika vitenzi. Sikilizeni jinsi watu wanavyozungumza kwenye meza yetu, bila kufikiri: imekolea, ikoze kidogo, imeiva, haijashika, imechujuka, imefifia, imefubaa, imepauka, inang'aa, inameta. Kukolea ni kwa chumvi na ni kwa rangi. Kuiva ni kwa embe, kwa wali, kwa mwanafunzi aliyejiandaa, na kwa wekundu. Kupauka ni kwa ngozi isiyopakwa mafuta, na kwa shati lililosahauliwa kambani. Kushika ni kwa hina: bibi harusi huulizwa asubuhi kama imeshika. Lugha yetu haiitazami rangi kama sifa iliyokaa tuli juu ya kitu. Huitazama kama jambo linalotendeka, lenye mwanzo na lenye kuelekea mahali.

Na gwashi, kuliko rangi nyingine nilizozijaribu, huthibitisha hivyo. Ikiwa mbichi ina sura moja na ikikauka ina nyingine. Kwa kawaida rangi zake nyepesi hukauka zikakolea kidogo, nazo nzito hukauka zikafifia. Mchoraji huijaribu pembeni ya karatasi na kungoja. Ukiizidishia maji huchujuka, ukiipaka nene mno hupasuka kama tope la kiangazi. Uzito wake mzuri ni ule wa mtindi uliokorogwa. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kinachoelezeka kwa jina la rangi. Vyote vinaeleza rangi inafanya nini.

Tusidhani pia kwamba rangi za maji zimeingia kwetu na maboksi ya dukani. Wino wa masizi uliochanganywa na gundi, uliotumika kwa karne nyingi katika maandishi ya hati za Kiarabu, ni binamu wa karibu wa gwashi nyeusi. Kombe huandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha huoshwa kwa maji na kunywewa. Hina nayo ni jani lililosagwa likakorogwa. Seremala anayepiga mstari kwa uzi wenye ngeu anatumia udongo mwekundu, wa jamii ile ile ya udongo iliyotumika katika michoro ya miambani kule Kondoa. Maneno ya kazi hii tulikuwa nayo kabla ya kuyahitaji barazani.

Ningeweza kuishia hapo kama si kwa ajili ya mwenzetu wa kumi na mmoja. Tulisoma naye chuo cha ualimu, tukalala bweni moja, na tangu ujana amekuwa mshairi wa arudhi, mwenye sikio ambalo mimi sikujaliwa. Miaka miwili iliyopita alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia umelegea, na majina ya vitu yamemkimbia. Anajua anachotaka kusema. Neno ndilo haliji. Mkewe alimleta kwetu akiwa hana matarajio makubwa. "Nyumbani ananyamaza tu, shemeji," aliniambia.

Brashi haikumfaa. Mwalimu akamsimulia habari za Henri Matisse, Mfaransa aliyedhoofishwa na maradhi uzeeni, ambaye wasaidizi wake walipaka karatasi kwa gwashi naye akazikata kwa mkasi na kuzipanga kuwa picha. Kazi ya mkasi rafiki yangu anaiweza kwa mkono wa kushoto. Basi sisi tukawa wapakaji wake. Nilimpelekea karatasi niliyoipaka zambarau. Aliitazama, midomo ikalitafuta jina, ikalikosa. Kisha akasema wazi: "Haijakolea." Nikaongeza. "Bado." Nikaongeza tena. "Sasa imeiva." Mkewe aliweka kikombe chini.

Majina hayajarudi. Lakini kila Jumamosi huzungumza nasi kwa vitenzi vya rangi, na vitenzi hivyo huvuta vingine: ngoja, rudia, ondoa, weka hapa.

Mwezi wa tatu alianza kukata vipande vidogo vya ukubwa mmoja na kuvibandika kwa safu. Tulidhani ni mkeka. Mimi ndiye niliyevihesabu: vinane, nafasi, vinane. Kila kipande cha nane cha upande wa kwanza kilikuwa zambarau. Kila kipande cha nane cha upande wa pili kilikuwa manjano. Safu tatu zilikuwa zimekamilika. Msomaji wa mashairi hahitaji kuelezwa zaidi: ukwapi na utao, mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho. Nilimtazama, naye akatikisa kichwa kwa namna aliyokuwa akitikisa bwenini mstari unapokaa sawa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wapenzi wa lugha. Tukusanye vitenzi vya rangi kabla ya kulalamikia uhaba wa majina. Bila shaka Lamu, Pemba na Mvita wana vyao ambavyo sisi wa Tanga hatunavyo. Kikundi chetu kinatafuta kitenzi kimoja cha kueleza gwashi inavyobadilika inapokauka. Muuguzi wetu anapendekeza "kutulia", karani anang'ang'ania "kugeuka", na ubishi haujaisha. Mshairi anayetaka kuandika bahari ya buluu ajiulize kwanza buluu hiyo inafanya nini saa hiyo: inakolea, inafubaa, au inachujuka ufukweni.

Safu ya nne ya rafiki yangu, ambayo ni kituo, bado iko wazi. Anataka kina chake kiwe cha rangi nyingine, ambayo hawezi kuitaja na sisi hatujaibahatisha. Jumamosi iliyopita nilimpelekea karatasi tatu: ya kijani, ya ngeu, na ya samawati. Alizirudisha zote tatu, akanisogezea kisahani na kusema nichanganye tena.