Ekru ya Kumi na Tisa

Mwaka 1997 garaji yetu ya Musaga, mjini Bujumbura, Burundi, haikuwa na ukuta wala paa. Ilikuwa kivuli cha mwembe kando ya barabara inayopanda kwenda Ijenda, kriki mbili, sanduku la kle, yaani spana, na mizoga ya magari tuliyokwisha kuivua nyama. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia biashara tangu mwisho wa Julai 1996, siku chache tu baada ya rais wa zamani Buyoya kurudi madarakani kwa mapinduzi. Vipuri vilivyozoea kupanda kutoka Dar es Salaam vikakatika. Petroli tuliinunua kwa bidoni, kwa bei aliyoamka nayo mwenye bidoni. Gari jipya, kwa kipimo cha siku zile, lilikuwa gari lililoundwa kwa maiti tatu.

Ninalolikumbuka ni Toyota Hilux moja. Fremu na injini zilitoka kwenye gari lililopinduka, kichwa kilitoka kwenye jingine lililoungua upande wa nyuma, na karoseri tuliipiga wenyewe kwa mbao na tole, yaani bati. Mwenyewe alikuwa mchuuzi wa viazi vya Ijenda. Alikuja kila asubuhi, anasimama, anatazama, anaguna, anaondoka.

Kilichobaki mwisho kabisa ni volanti, yaani usukani. Mimi, mwanagenzi wa miaka kumi na saba kutoka mtaa wa Buyenzi, nilitaka kumshangaza Mzee, fundi wetu mkuu. Nikaitoa ya Peugeot 504 kwenye mzoga uliolala nyuma ya mwembe, safi, haina ufa. Lakini katikati ya kila volanti pana kitovu, na kitovu kina tundu lenye meno membamba kwa ndani. Meno hayo huumana na meno ya shafti, kisha ekru, yaani nati, moja tu hubana juu yake. Kitovu cha Peugeot hakikuzaliwa na shafti ya Toyota. Kiliingia, ndiyo, lakini kilicheza kama pete kwenye kidole cha mtoto.

Nikakata kipande cha kopo la maziwa ya unga, nikaizungushia shafti, nikaigonga volanti mpaka ikakaa, nikabana ekru kwa kle ya kumi na tisa mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Nikaitikisa. Kimya. Nikamwita Mzee kwa kifua mbele.

Hakusema neno. Alipanda, akaniambia nilale chini nitazame magurudumu.

"Yanageuka?"

"Hapana, Mzee."

"Mimi huku nageuka."

Ndipo alipotoka, akanielekeza kwa kidole mteremko wa kwenda mjini, na watoto wa shule waliokuwa wakipanda kwa miguu kandokando yake. Kisha akanipa ile ile kle niifungue. Kofi lingeniuma kidogo kuliko ule upole wake. Nilikuwa nimemsikia mara nyingi akisema kwamba bodi unaweza kuiunga kwa waya na kiti kikawa kreti ya bia, ila volanti na breki haviungwi. Nilikuwa nadhani ni maneno ya wazee.

Kesho yake akachukua mche wa sabuni, akaubandika kwenye ncha ya shafti, akaubonyeza. Meno yote yakajichora. Tukashuka nao Buyenzi, tukapita kwa mafundi na wauza vyuma chakavu, na kila kitovu tulichoonyeshwa tulikipima kwa ile sabuni. Tulirudi jioni, tukikimbizana na kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje usiku, na volanti ya Toyota iliyopasuka ngozi lakini meno yake mazima.

Kuifunga nako kulikuwa na adabu yake. Mzee aliinua mbele kwa kriki, akazungusha shafti mpaka mwisho wa kushoto, akahesabu mizunguko hadi mwisho wa kulia, akarudisha nusu kamili. Hapo magurudumu yanatazama mbele, na hapo tu ndipo volanti inawekwa. Ukikosea jino moja, gari litakwenda sawa huku mikono yako imekaa upande, na kiashiria hakitajizima vizuri baada ya kona, kwa sababu kinazimwa na kitovu hicho hicho. Nyundo alinikataza: ndani ya mhimili wa volanti wa magari mengi mna sehemu zilizotengenezwa zikunjike dereva anapogonga, na nyundo huzivunja kabla ya ajali.

Tukateremka mjini kulijaribu. Kila tulipokata kushoto, honi ililia yenyewe. Watu wakatupisha, mmoja akatutukana, Mzee akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Tulipofungua, tukakuta kijipande cha kopo langu la maziwa kimenasa nyuma ya kitovu, kinagusa pete ya shaba ya honi na kuiunganisha na chuma.

Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999 na vipuri vikaanza kuonekana tena madukani. Ile Hilux ilikuwa bado inashusha viazi, na volanti ni ile ile.

Nawe ukienda leo kununua gari lililopita mikono mingi, usianze na rangi wala redio. Kaa kwenye kiti, shika volanti kwa mikono miwili, ivute kwako, isukume, ipandishe na kuishusha. Ikicheza, mwambie mwenyewe afungue kitovu mbele yako kabla hamjataja bei.