Shosho alinisahihisha Uhuru Park

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nasema mimi ni mwanahistoria. "Ofisi iko wapi?" Uhuru Park, pale Freedom Corner. Wanacheka.

Lakini ndiyo hiyo. Kila Jumamosi nakusanya watu kumi hivi, tunazunguka bustani nikiwaambia kilichotokea pale tunapokanyaga. Mwisho wananitumia chochote kwa M-Pesa. Kuna siku napata ya lanchi, kuna siku nauli tu.

Mwezi jana niliaibika, tena nikiwa laivu. Nilikuwa nimeeleza vile 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa humu ndani, na halikujengwa. Nikarukia 1992: "Na hapa Wangari aligoma kula ili wafungwa wa kisiasa waachiliwe." Watu wanatuma mioyo tu.

Shosho mmoja alikuwa ameketi kwenye nyasi na mfuko wake wa sukuma wiki. Akaniita. "Mjukuu wangu, na wale wamama wengine umewapeleka wapi?"

Nikakosa jibu.

Akanieleza polepole. Mgomo ulikuwa wa wamama wa wafungwa, Wangari akaungana nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa rungu na gesi. Wangari akapigwa hadi akazimia. Wamama kadhaa wakavua nguo kuwalaani hao polisi. Kisha wakahamia kanisa la All Saints hapo karibu, wakaendelea kudai watoto wao hadi mwaka uliofuata, wengi walipoachiliwa.

Nikamuuliza, "Kwani ulikuwepo, shosho?" Akaokota mfuko wake. "Sukuma yangu inanyauka," akasema, akaenda zake.

Manze, hiyo ilinikaa. Wangari aligoma kweli, hapo sikudanganya. Shida ni kwamba jina moja ni rahisi kukumbuka na linaleta watazamaji, kwa hivyo nilikuwa nimeacha wengine nje. Wamama waliolala hapa kwenye baridi, halafu mimi kijana wa simu nawafuta kwa sentensi moja.

Hiyo video nimeitoa. Nimerekodi nyingine, ni ndefu, na najua wengi mtairuka. Sawa tu.

Jumamosi hii niko Freedom Corner tena. Kama uko na shosho aliyekuwa Nairobi 1992, kuja naye. Nitamtafutia kiti, yeye ndiye ataongea.