Mzee na Katuni za Wajapani

Sikutegemea kwamba katika umri wangu huu wa miaka 70 na ushei ningekesha nikitazama katuni. Nimefundisha shule za msingi kwa karibu miaka 40, zaidi ya nusu yake nikiwa mwalimu mkuu, na muda wote huo niliziona katuni kuwa mchezo wa watoto wasio na kazi. Mwanafunzi niliyemkuta akichora vikaragosi nyuma ya daftari la Hisabati nilimpeleka kupalilia bustani ya shule. Leo nakiri mbele ya msomaji kwamba nimetazama mifululizo mitatu ya katuni za Kijapani, ile ambayo vijana huiita anime, na kwamba mmoja kati ya hiyo ulinitoa nyumbani alfajiri kwenda kuomba radhi.

Mambo yalianza hivi. Mjukuu wangu alipomaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Novemba alikuja kukaa nasi hapa Nkunga kungojea matokeo. Wanaoufahamu upande huu wa Mlima Rungwe wanajua kuwa masika yakishika, kazi za shamba hukatishwa mchana, watu wakarudi nyumbani kuota moto. Kijana alikuja na kompyuta ndogo ya mama yake pamoja na flashi iliyojaa katuni, alizopewa na wenzake shuleni. Sikushangaa sana. Sisi nasi tulipokuwa chuo cha ualimu tuliazimana riwaya za Musiba mpaka majalada yakabanduka.

Katuni hizo husema Kijapani, na maandishi ya Kiingereza hupita chini. Mjukuu alisoma mwenyewe kimyakimya. Bibi yake hajui Kiingereza, naye hapendi watu wacheke jambo nyumbani kwake bila yeye kulijua. Akaniambia, "Mzee, wewe si ulilipwa mshahara kwa kuwasomea watu? Haya, tusomee." Basi nikawa mtafsiri, kama wale mabingwa wanaotia maneno ya Kiswahili kwenye filamu za Kichina katika vibanda vya video.

Tulianza na Naruto, mfululizo ulioanza kuonyeshwa Japani mwaka 2002. Una vipindi 220, na ukiisha unafuata mwingine wenye vipindi 500. Naruto ni mtoto yatima. Ndani ya mwili wake limefungiwa zimwi la mbweha mwenye mikia tisa, ambalo siku alipozaliwa lilikishambulia kijiji chao na kuua watu wengi. Mtoto hana kosa lolote, lakini wanakijiji humkwepa, na shuleni hufeli mtihani mara tatu.

Nitasema ukweli wangu. Nusu ya mfululizo huu ni mapigano, na nusu ya mapigano ni maelezo. Mtu amesimama tayari kumpiga mwenzake, kisha anaanza kumweleza historia ya ukoo wake. Siku ya tatu mke wangu aliuliza, "Hawa watapigana lini? Tangu juzi wanaelezana tu." Tuliuacha kabla haujafika hata katikati. Hata hivyo kipindi cha kwanza sijakisahau kwa sababu ya mwalimu anayeitwa Iruka. Wazazi wa mwalimu huyo waliuawa na mbweha yuleyule. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kumchukia Naruto ni yeye, lakini ndiye anayemnunulia bakuli la tambi na ndiye anayemkinga kwa mgongo wake siku ya hatari. Nilimwambia mjukuu wangu kuwa kama mfululizo mzima ungekuwa juu ya mwalimu yule, ningeutazama vipindi vyote 720.

Wa pili ndio nilioupenda kuliko yote. Unaitwa Gin no Saji, maana yake kijiko cha fedha, nao ulionyeshwa mwaka 2013 na 2014, vipindi 22 tu. Umetokana na vitabu vya picha vya mwanamama Hiromu Arakawa, aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani kwenye baridi kali. Kijana wa mjini, Hachiken, amechoshwa na mashindano ya masomo na ukali wa baba yake, akakimbilia sekondari ya kilimo yenye bweni. Huko anaamshwa kabla ya mapambazuko kwenda kuhudumia mifugo. Siku anapogundua yai hutokea sehemu gani ya kuku anakosa hamu ya kula. Mke wangu alicheka mpaka akaweka chini ungo wa maharage.

Kuna kitoto cha nguruwe ambacho Hachiken anakionea huruma na kukipa jina, ingawa ameonywa asifanye hivyo. Nguruwe anakua, anapelekwa machinjioni. Kijana anainunua nyama yote kwa fedha alizopata kwa kufanya kibarua wakati wa likizo, anaikausha kwa moshi, anawagawia wenzake. Hakuna hotuba ndefu hapo. Sisi tunaofuga tulielewa.

Mfululizo huu ulinirudisha kwenye Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi mwaka 1967. Niliiamini siasa ile na bado naiamini. Tulilima mahindi na viazi, tukapanda migomba, tukafuga kuku. Lakini nikiitazama shule ile ya Hokkaido naona tulipokosea, au niseme nilipokosea mimi. Kule zizi ndilo darasa. Wanafunzi wanajifunza bei ya maziwa, maradhi ya ng'ombe na namna mkopo unavyoweza kummaliza mkulima. Kwetu shamba la shule liligeuka mara nyingi kuwa mahali pa adhabu. Umechelewa, kalime. Umepiga kelele, kalime. Mtoto aliyepewa jembe badala ya kiboko atalipendaje jembe hilo akiwa mkubwa? Kisha tulilalamika kwamba vijana wanakimbia kilimo na kwenda Mbeya na Dar es Salaam.

Katika mfululizo huo yumo mwanafunzi anayeitwa Komaba. Baba yake amefariki, mama ana watoto wengine wadogo, na shamba lao lina madeni. Komaba ana kipaji katika mchezo wa besiboli, na tumaini lake ni kwamba mchezo huo utaliokoa shamba. Timu yao inafungwa. Shamba linafilisika, ng'ombe wanaondoka, naye anaacha shule. Rafiki zake wanabaki wameduwaa, kwa sababu hakuna wanachoweza kufanya. Nilipokuwa nikitafsiri sehemu hiyo sauti yangu ilipungua. Mke wangu alinitazama, lakini hakuuliza.

Mfululizo wa tatu una jina la kutisha. Kwa Kiswahili ningeuita Darasa la Mauaji, na ulionyeshwa mwaka 2015 na 2016. Niliposikia jina hilo nilitaka kuamuru kompyuta izimwe. Mwalimu wa darasa lenyewe ni kiumbe wa rangi ya njano, mwenye mikono kama ya pweza na mwendo unaoshinda mwendo wa sauti mara 20. Amesema kwamba itakapofika Machi ataiangamiza dunia, na serikali imewapa wanafunzi wake kazi ya kumuua kabla ya siku hiyo. Wanampiga risasi wakati anaita mahudhurio, naye anazikwepa huku akiendelea kuita. Watoto wadogo wasionyeshwe kitu hiki, nami nalisema hilo waziwazi.

Lakini mtu mzima akivumilia vipindi viwili vitatu ataona jambo lingine. Darasa hilo ni la wanafunzi walioshindwa. Mkuu wa shule amewatenga juu ya mlima katika jengo bovu, ili wengine wote wawaone, waogope na wasome kwa bidii. Huo ndio mpango wake, na matokeo ya shule yake ni mazuri sana. Yule pweza ndiye anayewafundisha mmoja mmoja, kila mtoto kwa somo linalomshinda. Mimi baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka watoto wote wawe shuleni ifikapo Novemba 1977, niliwahi kuwa na watoto 112 katika chumba kimoja. Sikuwa na mikono ya pweza. Hata hivyo siwezi kujificha nyuma ya idadi hiyo, maana nami niliwakalisha nyuma wale niliodhani hawatafaulu, na sikuwa na sababu nyingine zaidi ya ile ya mkuu yule.

Karibu na mwisho, usiku ule anaokufa, mwalimu yule anaita mahudhurio kwa mara ya mwisho. Anaita jina moja moja, na kila mmoja anaitika huku analia. Hapo nilishindwa kutafsiri. Nilitoka nje nikasimama barazani, mvua ikinyesha.

Nilikumbuka rejista ya mwaka 1983. Darasa la sita alikuwamo mvulana mmoja mtulivu, mzuri wa hesabu. Baba yake alifariki mwanzoni mwa mwaka, naye ndiye aliyekuwa kifungua mimba. Alianza kukosa siku moja, kisha tatu, kisha wiki nzima. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilitaka kila mtoto aliyeandikishwa ahudhurie, na mimi nilikuwa mtu wa sheria. Alipokuja nilimchapa mstarini mbele ya wenzake. Mama yake aliitwa akatozwa faini. Mwishowe nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika "mtoro", nikapiga mstari juu ya jina lake. Nyumbani kwao palikuwa mwendo wa dakika 40 kutoka shuleni, na sikuwahi kwenda.

Mvulana huyo sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Ana ng'ombe watatu wa maziwa, na kwa miaka mingi maziwa tunayokunywa nyumbani yametoka kwake. Kila asubuhi husema, "Shikamoo, Mwalimu," nami huitika marahaba na kupokea dumu. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile.

Kulipopambazuka nilivaa buti na koti nikaenda kwake. Nilimkuta anakamua. Nilisimama mlangoni mwa banda, nikamwambia yote kwa maneno machache kama nilivyoyapanga njiani, kwamba nilimchapa na kumfuta bila kuuliza kwao kuna nini, na kwamba naomba anisamehe. Aliendelea kukamua mpaka chuchu ya mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, siku uliyofuta jina langu nilikuwa nje ya dirisha. Nilikuja kukuaga. Mama alisema nisiondoke kama mwizi, nikuage. Nikakuona umeshika ile kalamu, nikarudi."

Sikuwa na la kusema. Akanipa kamba ya ndama nimshikie, akampeleka mama yake kwenye pumba. Aliporudi akasema, "Niliumia sana, sitakudanganya. Lakini umekuja mwenyewe, hukumtuma mtu. Ndaga fijo, Mwalimu." Kisha akauliza nini kilichonikumbusha baada ya miaka yote hiyo. Nilipomjibu kwamba ni katuni, alicheka kwa sauti kubwa, na ng'ombe wakageuza vichwa.

Jumapili iliyofuata alikuja na mkewe kuangalia ile ya ng'ombe. Alikuwa mtazamaji mzuri kuliko mimi. Alisifu majani yao, akasema ng'ombe wale wana afya lakini wamefungiwa mno. Tulipofika mahali ambapo ng'ombe wa akina Komaba wanaondoka, aliinuka akasema anakwenda kuangalia kama mvua imekatika. Mvua haikuwa imeanza. Nilisimamisha picha mpaka aliporudi.

Matokeo yalitoka, mjukuu akafaulu, na mwezi Julai alikwenda kuanza kidato cha tano. Flashi ameniachia. Wazazi wenzangu huniuliza kama katuni hizi zinaharibu watoto. Jibu langu ni kwamba nyingine zinaharibu na nyingine zinafundisha, kama vitabu, na atakayejua tofauti ni yule anayekaa na kutazama pamoja na mtoto wake. Anayepiga marufuku kitu asichokijua, kama nilivyofanya mimi kwa miaka 40, huambiwa uongo na watoto wake.

Na kwa mwalimu ambaye bado yuko kazini nina neno moja. Fungua rejista yako. Kama kuna jina unaloliandika "hayupo" siku baada ya siku, weka kalamu chini na uliza nyumbani kwao ni wapi. Ukitoka saa za masomo zikiisha, utafika kabla ya giza.