Simu Inajua Njia. Je, Kwenu Unapajua?

Siku hizi ukimuuliza kijana wa mjini njia, hakuelekezi. Anakuambia, "Nitakutumia lokesheni," na mazungumzo yameisha. Harusi Mbezi, kicheni pati Tabata, ofisi mpya ya shoga yako Masaki, vyote vinaingia kwenye simu kama kialama kidogo chekundu, na wewe kazi yako ni kufuata sauti. Mimi na mume wangu ni wafuasi wazuri wa sauti hiyo. Kwenye gari letu ndiyo abiria wa tatu, tena ndiye pekee ambaye hakatizwi akiongea.

Lakini sauti hiyo ina mahali inapoishia, na mimi nilipaona Maswa, mkoani Simiyu, tulipokwenda kumsalimia bibi wa mume wangu, mzaa baba. Nakusimulia wewe msomaji uliye kwenye ndoa, au unayeelekea huko, kwa sababu safari ile ilinionyesha kitu kuhusu mwanaume niliyeolewa naye ambacho miaka sita ya kuishi pamoja haikuwa imenionyesha.

Nani aliijaza ramani?

Kwanza tuelewane kuhusu kifaa chenyewe. Simu yako inajua ulipo kwa kupokea mawimbi ya satelaiti za GPS, ambazo zinazunguka dunia kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 20,000. Ikizipata nne, inapiga hesabu na kukuambia uko hapa. Kazi hiyo haili bando hata la shilingi mia. Bando linakwenda kwenye kupakua ramani yenyewe na kutafuta vilivyo jirani.

Google walitoa ramani ya simu za mkononi mwaka 2005, na mwaka 2007 wakaongeza alama inayoonyesha mwenye simu yuko wapi, hata kwa simu isiyo na GPS, kwa kukadiria kutoka kwenye minara ya mtandao. Leo ukiwa Sinza ukaandika "chakula karibu", unapewa orodha mpaka unachanganyikiwa. Ila orodha hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Mwenye mgahawa aliandikisha biashara yake, mteja akapiga picha ya samaki, mwingine akalalamika kuhusu huduma. Mahali ambapo hakuna aliyejaza chochote, satelaiti inakuona vizuri kabisa, lakini ramani haina la kukuambia.

"Umefika"

Tulitoka Shinyanga asubuhi, tukakunja kulia Mwigumbi, lami safi mpaka Maswa mjini. Pale simu ilikuwa na majibu yote: gesti, benki, sheli, hospitali ya wilaya. Nikatafuta vivutio vya karibu. Nikaletewa Pori la Akiba la Maswa, simba na tembo. Mume wangu akacheka sana. Pori lina jina la Maswa, lakini liko wilaya za jirani, limepakana na Serengeti upande wa kusini magharibi. Kwa viatu nilivyokuwa nimevaa, pori halikunihusu.

Tukaacha lami. Hapo ndipo kizungumkuti kilipoanza. Majina mengi ya vijiji huku yanaanza na Mwa: Mwabayanda, Mwamanenge, Mwamashimba, Mwang'honoli. Mengine mmoja anaandika kwa Mw, mwenzake kwa Ng'w, na programu haijui kwamba ni mahali pale pale. Mume wangu aliandika jina kama alivyolikumbuka, programu ikachagua lililofanana nalo, nasi tukafuata mstari wa bluu kwenye njia ya mikokoteni ya ng'ombe. Mstari ukaishia katikati ya shamba la pamba. Sauti ikasema kwa adabu zote, "Umefika."

Nikamwambia, "Baba, tuulize."

"Subiri, mtandao utarudi."

Akapita kijana anachunga ng'ombe. Wakapita kina mama na ndoo. Akapita bodaboda, tena akapunguza mwendo kabisa. Mume wangu ameinamia simu, kioo kimefungwa. Nikajua ni yale yale ya wanaume na kuuliza njia, yale tunayochekana nayo saluni kila wikiendi. Mara akasema, bila kuniangalia:

"Nikishusha kioo wataniuliza mimi mtoto wa nani. Nitasema mimi ni wa hapa. Sasa mtu wa hapa anaulizaje njia ya kwao?"

Jamani. Aliondoka Maswa ana miaka tisa, baba yake alipohamishwa kikazi. Tangu hapo alirudi mara mbili tu, zote za misiba, usiku, ndani ya gari lililojaa ndugu wanaojua njia. Kisukuma kimembakia salamu. Mjini anajitambulisha kwa fahari kuwa ni Msukuma wa Maswa, anataniwa na Wazaramo, anajibu mapigo. Kumbe ndani anaogopa siku moja mtu atamwambia, "Basi twende, tuonyeshe."

Sikumjibu. Nilizima ile sauti ya simu, nikamshika mkono, tukakaa.

Baadaye akaja mama mmoja mtu mzima, jembe begani. Mume wangu akashuka. "Mwangaluka, mayu." Mama akaitikia, akaendelea na Kisukuma kirefu, mwenzangu akakidaka nusu. Yule mama akaona, akahamia Kiswahili. "Wewe wa nani?" Akamtajia jina la babu yake. Mama akashusha jembe chini, akamtazama uso, akasema, "Si ungesema!" Hakuna aliyemuuliza kwa nini hajui njia. Walichotaka kujua ni kwa nini kachelewa hivyo kuja.

Akatuelekeza: rudini mpaka kwenye josho, piteni ghala la AMCOS linalonunua pamba, kata kushoto, mkifika kwenye mwembe mkubwa ulizeni tena. Kisha akampakia mjukuu wake kiti cha nyuma kwa usalama zaidi.

Tulipofika, bibi alikuwa ameshasimama uani. Habari zetu zilitangulia. Mtu alikwishampigia simu. Akaniita mke mwenza, akanikagua juu mpaka chini, akasema mume wetu ana macho mazuri. Mlangoni pana namba ya nyumba, matunda ya lile zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022. Bibi anaiheshimu sana namba yake, ila hajawahi kukutana na mtu aliyefika pale kwa kuitumia.

Kialama cha kaburi

Jioni mume wangu akazunguka na bibi. Hapa baba yako aliangukia kisimani. Hapa palikuwa na zizi. Hapa amelala babu yako. Kila waliposimama alibonyeza simu na kuhifadhi mahali, yule mtoto akimsahihisha tahajia. Orodha hiyo ni ya familia, haionekani na mtu mwingine, na ndivyo inavyotakiwa; makazi ya watu si ya kuanika hadharani.

Vya umma ni habari nyingine. Zahanati, shule, josho na kisima tuliviingiza kwenye OpenStreetMap, ramani iliyoanza mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuijaza. Sio mchezo wa kupoteza muda. Mkoa wa jirani, Mara, watu wa kujitolea wa Crowd2Map walianza mwaka 2015 kuchora vijiji ambavyo havikuwepo kwenye ramani, na ramani hizo zimesaidia kuwafikia mabinti wanaokimbia ukeketaji. Kwa binti wa namna hiyo, kijiji kuwepo kwenye simu ya anayemfuata usiku ni uhai.

Kabla hamjaondoka

Wewe na mwenzako mkipanga safari ya kwenu au kwao, pakueni ramani ya eneo zima mkiwa bado na intaneti nzuri. Andikeni jina la kijiji kwa tahajia zaidi ya moja, na pateni kutoka kwa mwenyeji alama tatu za njiani: josho, ghala, mti. Bebeni chaji ya ziada.

Halafu muulize mwenzako, tena bila kumcheka: kwenu unapajua kiasi gani? Akikujibu "nakujua" haraka mno, mpe muda. Akikujibu "sikujui vizuri", pangeni tarehe mwaka huu huu, wakati wale wanaoweza kusema "si ungesema!" bado wapo.